Kibali Kimoja, Bunduki Tatu

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana hadithi hii nikishaianza hairudi nyuma. Wengine wamewasimulia nusu. Yote ninayo mimi.

Huko nyikani Tabora walikuwako wawindaji watatu: Kapela, Kalunde na Lugendo. Bunduki zao zote zilikuwa za kiwandani, za komeo: unavuta, ganda linaruka, unasukuma, risasi inaingia. Kufanana kuliishia hapo.

Ya Kapela iliondoka na ng'ombe wa zizi zima. Ina darubini, na kitako chake kinang'aa hata unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Akilenga, chawa anakufa kichwani mwa mtu wa kijiji cha pili, na mwenye kichwa anaendelea na ugali wake.

Ya Kalunde aliachiwa na marehemu mumewe. Bei ya katikati, shabaha ya katikati, lakini komeo laini kama samli. Anapiga ya tatu, mlio wa kwanza bado unatafuta njia ya kutokea.

Lugendo yake aliipata kwa dume lake la kulimia, na hakuwa na jingine. Kitako cha plastiki, komeo linakwaruza kama sufuria ikisuguliwa kwa mchanga. Lakini izike matopeni, ikanyagwe na tembo, ukifyatua inalia. Na kwa shabaha, aliapa, haiachwi na ya Kapela hata upana wa ukucha. Hakuna aliyemwamini, mkewe akiwa wa kwanza.

Basi bwana nyama, yule afisa wa serikali wa wanyamapori, akaleta neno: kibali cha kulinda mashamba ni kimoja. Yuko nyati anakanyaga mpunga. Atakayemwangusha ndiye mwenye kibali, na bunduki nyingine zinachukuliwa. Lugendo raha ikamtoka. Dume hana, na bunduki ikienda atabaki na mikono mitupu. Anaketi, anasimama, anafuta mtutu aliokwisha kuufuta.

"Ndugu yangu, hiyo kaanikie nguo," Kapela akamwambia.

"Nyati hasomi bei, Kapela."

Kwao, asubuhi ya kuwinda, bunduki hulazwa pamoja chini ya kaniki moja zisioneane wivu, wala hazishikwi mpaka zinyunyiziwe unga. Siku hiyo nyati hakungoja unga. Alitoka kwenye matete, mkubwa hata jua likapata kivuli, akamwelekea bwana nyama aliyesimama kando ya pikipiki yake. Kila mmoja akatia mkono chini ya kaniki, akachomoa iliyomjia.

Lugendo akachomoa ya Kapela. Kwenye darubini akaona goti, kubwa kama kinu. Akafyatua, goti likavunjika. Bila risasi ile bwana nyama angekuwa uji.

Kapela akachomoa ya Kalunde. Nyati akainuka kwa miguu mitatu, mbio kuliko kwa minne. Kapela akapiga, akavuta, akapiga tena kabla pembe hazijafika. Nyati akapinda, akaondoka na kipande cha suruali tu. Bila risasi zile bwana nyama angekuwa anaishia kiunoni.

Kalunde akachomoa ya Lugendo, na katika kuruka ikamponyoka, ikazama topeni. Akaiokota hivyo hivyo, nyati kashageukia kwake. Komeo likakwaruza, likakubali. Risasi moja, nyuma ya sikio. Nyati alipoanguka, vikombe vilidondoka kabatini Tabora mjini.

Vumbi halijatua, wakaanza. Kapela akasema bila bunduki yake goti lisingepatikana, na bila mikono yake bwana nyama asingekuwa hai kuandika kibali. Kalunde akasema aliyeangusha ni yeye, bunduki haijipigi.

"Dada, ulipiga na ya nani?" Lugendo akauliza.

"Ya kwako, kaka. Na wewe lile goti ulilivunja na ya nani?"

Lugendo akaketi. Akisema ni bunduki, yake imeua, lakini goti alilovunja yeye linakwenda kwa Kapela. Akisema ni mkono, goti ni lake, lakini nyati ni wa Kalunde. Akasimama. Bwana nyama, paja nje, kashawasha pikipiki, kalamu juu ya karatasi, anataka jina moja.

Haya, ninyi mnaocheka: kalamu hiyo hapo, na Lugendo anawatazama. Mnaandika nani?