Andazi Lililoiangusha Mtambwani

Palikuwa na sultani wa Mtambwani, jina lake Nasibu, ambaye asubuhi moja aliamka akadai aletewe mtu aliyeiharibu nchi. Si watu; mtu. Mmoja, mwenye jina na mwenye shingo, na awe ukumbini kabla ya sala ya Ijumaa.

Na nchi, jamani, ilikuwa imeharibika kweli. Mtambwani iliishi kwa sandarusi, ule utomvu mgumu unaochimbwa ardhini, na wageni waliokuwa wakiununua ili kung'arishia meza zao walikuwa wameacha kuja. Wachimbaji wakarudi mjini na majembe begani, wakawa wanashinda vibarazani wakicheza bao bila kucheka. Harusi zikaahirishwa. Wapiga ngoma wakauza ngoma zao, na walionunua wakazitumia kulalishia kuku. Askari wa forodhani, wasioonja mshahara tangu Mfungo Mosi, wakawa wanawasimamisha watu njiani na kuwaomba msaada, bunduki mkononi. Na kila jioni kilizuka kikundi kipya cha watu wanaojua namna nchi inavyopaswa kuendeshwa. Hilo ndilo lililomchoma Sultani. Mengine alikuwa ameyasikia tu.

Mawaziri saba wakakaa kumtafuta huyo mtu. Wa hazina akamtazama wa forodha. Wa forodha akamtazama wa mashamba. Wakatazamana hivyo mpaka adhuhuri, mashati yamewalowa, ndipo Waziri Shekuwe, mkubwa wao, alipokumbuka kwamba nje ya ukumbi kuna raia.

"Yuko mwanamke anauza maandazi pale njia panda ya sokoni," akasema. "Manung'uniko yote yanaanzia kwake."

Wote wakashusha pumzi.

Mwanamke huyo aliitwa Mwanamvua, mjane mwembamba mwenye ulimi usioomba ruhusa. Askari walimkuta mikono imo kwenye unga. Njiani walikwisha kumwambia adhabu: kibanda kitavunjwa, naye atatolewa nchini pamoja na mama yake, kipofu, asiye na mtu mwingine duniani. Lakini alichokiwaza zaidi, Mungu amsamehe, ni lile donge alilolifunika kwa kitambaa. Likikaa mpaka alasiri litachacha, na unga siku zile haukuwa wa kuchezea.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Uwanja wa nje ulijaa zaidi, kwani asiye na kazi ana nafasi ya kusikiliza kesi. Sultani alikuwa ameshika andazi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kifungo cha shati.

"Hili ni lako?"

"Ni langu, Maulana. Lingekuja na ndugu zake, ila nimekamatwa kabla sijawakaanga."

"Mbona dogo?"

"Limejikunyata. Ni mara yake ya kwanza kufika ikulu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

Waziri Shekuwe akasimama. "Maulana, jambo hili liko wazi. Huyu amepunguza andazi. Watu wanaliona, wanaingiwa na hofu. Wenye hofu hawanunui kitu. Wasiponunua, soko linalala. Soko likilala, nchi inaanguka. Chanzo ni andazi!"

"Nimelipunguza, sikatai," akasema Mwanamvua. "Lakini nieleweshe, Mheshimiwa, mimi sikusoma. Nikipunguza andazi, nchi inaanguka?"

"Imekwisha kuanguka!"

"Na nikiliongeza?"

Waziri akasita. "Bila shaka itainuka."

Mwanamvua akamgeukia Sultani. "Basi, Maulana, mawaziri saba wa nini? Waache wapumzike. Nipe mimi gunia la unga na karai kubwa, ifikapo Jumatatu nchi imesimama wima."

"Upuuzi!" Waziri akapaza sauti. "Andazi linawezaje kuinua nchi?"

"Hata mimi nashangaa. Liliwezaje kuiangusha?"

Ukumbi ukaripuka. Sultani akauma mdomo, akakuna ndevu, akaona haitoshi. Akalitia lile andazi kinywani ili asicheke. Likaingia zima, na ushahidi wa serikali ukaishia hapo.

Alipomaliza kumeza akainama mbele, akasema kwa sauti ya chini: "Umemshinda Waziri, mama. Lakini unawasikia hao wa nje? Nimewaahidi mtu. Nikitoka, wataniuliza ni nani aliyewaletea dhiki. Nitajie jina, urudi kwa mama yako. Usiponitajia, nitawapa lako."

Mwanamvua akawageukia mawaziri. Wote saba wakainamisha macho kwa pamoja, kila mmoja akitazama kucha za miguu yake. Angeweza kumtaja yeyote kati yao, na pengine asingekosea sana. Lakini aliwaona jinsi walivyosinyaa, akawahurumia. Isitoshe, kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyetosha kubeba kosa lote hilo.

"Jina ninalo, Maulana, ila naona haya kulitaja. Niruhusu kwanza niulize."

"Uliza."

"Miaka ile wageni walipokuwa wakipigana vikumbo kwa sandarusi yetu, watu wakipaka nyumba chokaa na kuongeza wake, neema ile ilikuja yenyewe?"

"Yenyewe!" Sultani akajinyoosha kitini, kilemba kikapanda juu kidogo. "Neema haiji yenyewe, mama. Niliileta mimi."

"Kwa kusaidiwa na mawaziri?"

"Hawa? Hawa walikuwa wamelala. Mimi peke yangu, kwa mkono wangu huu!"

"Alhamdulillahi." Mwanamvua akajifunga kanga vizuri, kama mtu anayeaga. "Basi huyo aliyeileta, Maulana, hebu mwulize: ameipeleka wapi?"