Kwa Nini Azalia Haitaki Majivu

Enzi ambazo ukungu wa milima ya Upare ulikuwa ukishuka mpaka milangoni kila asubuhi, azalia haikuwa kichaka cha kufika kiunoni kama unachokiona leo. Ilikuwa mti mzima, na mizizi yake ilizama chini kabisa. Ilikula kila ilichopewa, samadi, maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, wala haikuchagua. Mimea ya siku zile ilikuwa na sauti pia, ila haikuipoteza ovyo. Iliwaona watu wanaongea vya kutosha.

Nakijwa alikuwa na azalia moja mbele ya nyumba yake. Kijijini kwao msichana hakutoka kwenda kuolewa mpaka ua la mlangoni lichanue, na bintiye Namsia alikuwa ameshaposwa. Matumba yalijaa, yamefumba kama ngumi za kichanga. Nakijwa aliyatazama kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso, maana wakwe aliowapata walikuwa watu wa kutafuta kasoro. Yakikataa kufumbuka, wangekwenda kuposa kwingine.

Kilichopungua kilikuwa kuni za kupikia wageni. Mumewe, Mbonea, hakupenda kutembea mbali. Akautazama mti uliokuwa karibu, azalia kubwa iliyopukutisha majani, iliyosimama peke yake juu ya kilima, nyuma ya zizi.

“Ule si wa kukata,” Nakijwa akamwambia.

“Mama Namsia, mti ule hauna mume wala mtoto,” Mbonea akasema, akinoa shoka. “Nani ataulilia?”

Nakijwa akacheka. Alicheka, hilo lisifichwe.

Kuni ziliwaka vizuri, zikaacha majivu meupe tele. Nakijwa hakuwa mwanamke wa kutupa kitu. Akayazoa, akayamwaga kwenye shina la azalia ya mlangoni kama alivyozoea kuyamwaga kwenye migomba, kisha akayachanganya na udongo kwa jembe ili yashuke. Alidhani anaibembeleza ichanue.

Asubuhi alitoka na ufagio, akaganda pale pale. Majani yote yalikuwa ya njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Ardhi ilikuwa imepasuka. Ile mizizi ya chini ilikuwa imepanda juu yote, myembamba kama nywele, imetapakaa inayakimbia majivu. Ndipo sauti ikatoka, ya chini, haina hata hasira.

“Nakijwa, ulichonilisha jana ni dada yangu.”

Ufagio ukamdondoka. Mbonea alikuwa mlangoni na kikombe cha uji, amesikia. Akakiweka chini, akakaa kando ya mkewe.

Nakijwa alipiga magoti. Jembe hakuligusa tena, maana lingeikata mizizi ile. Alizoa majivu kwa viganja, akaenda kuyamwaga mbali. Kisha akapanda kilimani kwenye kisiki. Chini yake palikuwa na majani yaliyopukutika miaka na miaka, yameoza, meusi, yananuka uchachu. Akajaza kapu, akarudi, akaifunika mizizi taratibu kama anayemfunika mgonjwa.

“Haya ndiyo yaliyobaki yake,” akasema. “Sina kingine cha kukurudishia.”

Akachukua kapu tupu, akaingia ndani.

Wakwe walipokuja walikuta matumba yamefumba vilevile. Mshenga akaitazama azalia, akamtazama Nakijwa na majivu yaliyojaa kwenye kucha zake.

“Mama, hapa pamefiwa?”

“Pamefiwa.”

Wakageuka na mbuzi wao wa mahari. Namsia alilia ndani, mama yake akamwacha alie. Mwaka uliofuata azalia ilichanua, imenywea hadi kimo cha kiuno, na Namsia akatoka kwenda kuolewa na mwanamume mwingine. Yule wa kwanza hakuweza kungoja, hasara ni yake. Mbonea naye, mpaka anazeeka, aliisalimu azalia kila alipopita. Ilimchanulia tu.

Na tangu siku hiyo azalia imekuwa kichaka, na mizizi yake hulala juujuu, tayari kukimbia. Mwenye akili hapitishi jembe chini yake. Huitandikia majani yaliyooza. Ukiitilia majivu itageuka njano mbele ya macho yako. Migomba huchanika majani, mikuyu hupukutisha yote ikasimama uchi, lakini azalia hubaki na kijani chake masika na kiangazi. Imeshaona watu wanavyovitia moto vitu vikikauka.