Gari Lililosema Shikamoo

Leo naomba tumfuate bwana mmoja aliyenunua gari jipya. Na ninaposema jipya, nisikilizeni vizuri. Sisemi jipya kama tunavyosema sisi, gari ambalo ukiliwasha redio inakukaribisha kwa Kijapani. Hili lilikuwa jipya la kutoka kiwandani. Viti vilikuwa bado vimevaa nailoni, na huyo bwana aliapa kwamba nailoni ile haitoki. Jua likiwaka inakung'ang'ania mgongoni, ukishuka inalia kama inakubandua ngozi, lakini haitoki. Mnacheka? Makochi ya sebuleni kwenu yamevaa nini?

Basi akakabidhiwa funguo, akapigwa picha, akatoka kwenye geti la duka la magari. Akakata kulia kuingia barabara kuu. Piiii! Honi ikalia yenyewe. Mlinzi akampigia saluti. Bwana akashangaa, akaendelea. Alipofika sokoni akakata kulia tena. Piiii! Mama mmoja muuza nyanya akaruka pembeni, akashika kiuno.

"Baba, gari unalo, hatukatai. Tumeshaliona!"

Akajaribu kukata kushoto: kimya. Kulia: piiii! Hiyo ndiyo ilikuwa hitilafu yake. Jumamosi moja alijikuta nyuma ya msafara wa harusi ya watu asiowajua. Wao wakakata kulia, naye akakata kulia, honi ikalia pamoja na za kwao, na kabla hajajua la kufanya kijana akachomoa mwili dirishani akamrushia utepe mweupe. Wakamshangilia hadi ukumbini. Ilibidi ajieleze getini.

Sasa, bwana huyu hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na duka la dawa, anajua kazi yake, hana deni na mtu. Tabia yake ilikuwa moja tu: akiingia garini anapandisha vioo, anatazama mbele. Na alikuwa na sababu. Pale kwenye kona ya kuingilia mtaani kwake, kona ya kulia, palikuwa na nyumba ya kaka yake.

Kaka wa tumbo moja. Walijenga karibu makusudi, ili watoto wasijue wapi ni kwao na wapi ni kwa baba mkubwa. Lakini tangu harusi ya binti wa kaka mtu, wawili hawa hawakusalimiana tena. Kosa lilikuwa nini? MC. Siku ya sherehe MC alisimama akawataja wajomba, akawataja mashangazi, akawataja wapishi, akamtaja hata aliyeleta jenereta. Baba mdogo wa bibi harusi hakutajwa. Bwana wetu akalitazama pilau, pilau likamtazama, akanyanyuka akaondoka.

Tusimcheke haraka. Humu kanisani wamo watu walioacha kwenda jumuiya kwa jambo dogo kuliko hilo, na hawakuacha hata pilau.

Na mila yetu mnaijua. Shikamoo hutoka kwa mdogo. Mkubwa hawezi kuiomba, kwa sababu ikishaombwa si shikamoo tena. Kwa hiyo kaka mtu alikaa barazani kwake jioni baada ya jioni akingoja, na mdogo mtu akapita jioni baada ya jioni amepandisha vioo. Miaka ikapita nao hivyo.

Halafu jioni ya siku ile aliyokabidhiwa funguo, gari jipya likafika kwenye kona. Likakata kulia.

Piiii!

Kaka mtu alikuwa akimenya mihogo, maana mkewe alikuwa na karai la mihogo ya kukaanga pale mbele ya nyumba. Kisu kikasimama. Mkewe akainua mwiko juu, mafuta yanadondoka.

"Shemeji! Leo umeamka upande gani?"

Shemeji alikanyaga mafuta, gari likaruka hadi getini kwake. Aibu iliyompata, ndugu zangu! Atafikiri nimemsalimu. Atafikiri nimeshindwa.

Asubuhi yake alikuwa wa kwanza kufika walikomuuzia gari. Mapokezi alikaa binti mmoja, macho kwenye kompyuta.

"Namba," akasema binti.

"Namba gani?"

"Ya kazi."

"Binti, mimi sina namba, nina gari. Honi inalia nikikata kulia."

"Gari jipya halina tatizo hilo."

"Hili linalo."

"Na ukikata kushoto?"

"Hailii."

"Basi." Akaandika kitu. "Gari jipya, bosi. Litazoea. Kaa pale."

Akakaa pale. Ukumbi ulikuwa baridi, na televisheni ilikuwa ikizungumza bila sauti. Watu wenye sare nzuri walipita mbele yake, wakaenda, wakarudi. Mchana ukaingia. Ndipo fundi akaja, akalichukua gari akalizungusha uani kuizunguka nguzo ya bendera. Sasa uwanja ule ulikuwa na alama za mishale, na mishale yote ilielekea kushoto. Fundi alikuwa mtu wa kufuata alama. Akazunguka kushoto, kushoto, kushoto, akashuka akajifuta mikono.

"Mzee, gari lako zima kabisa."

Bwana akatoka getini, akakata kulia. Piiii! Mlinzi akapiga saluti.

Alirudi mara ya pili, ikawa vilevile: namba, kiti, mishale. Siku hiyo alifika nyumbani amekasirika, akamwambia mkewe:

"Nimekaa pale kutwa. Wanapita mbele yangu kama mimi ni kiti! Hata shikamoo, mtoto wa kumzaa mwenyewe! Hivi mtu anawezaje kumpita mwenzake, anamwona kabisa, asimsalimu? Analalaje usingizi?"

Mkewe alikuwa akipanga vikombe. Hakugeuka.

"Swali zuri hilo. Ukipata jibu uniambie, na mimi kuna mtu wa pale kwenye kona anayetaka kulijua."

Bwana akachukua taulo akaenda kuoga.

Wakati huohuo, honi haikungoja ugomvi uishe. Kila jioni kwenye kona: piiii! Jioni moja kaka mtu akainua kichwa. Nyingine akainua mkono kidogo, kama mtu anayefukuza nzi. Baadaye akauinua wote. Ikafika mahali saa ile ikikaribia, anaweka kisu chini, ananawa mikono, anasimama. Na mdogo wake je? Anatazama mbele. Ameshika usukani kama mwizi aliyefungwa pingu.

Mpaka jioni moja, honi ikalia, mkono wa kaka ukapanda, na mkono wake mwenyewe ukaachia usukani ukapunga. Yeye hakuuamuru! Gari lilikuwa na hitilafu, sasa na mkono nao ukapata hitilafu. Na kioo, sijui kilishukaje, kilikuwa chini. Harufu ya mihogo ikaingia garini.

Ajabu ni kwamba hitilafu hiyo ilisambaa. Akaanza kuwapungia wengine. Muuza nyanya alipoisikia honi alipiga vigelegele. "Baba wa honi! Siku hizi umekuwa mtu wa watu!"

Siku aliyokwenda mara ya tatu kule kwa wauzaji, alifika mapokezi, na kabla binti hajasema "namba", maneno yakamtoka.

"Hujambo, mwanangu? Umeamkaje?"

Binti akainua macho kutoka kwenye kompyuta. Akasimama.

"Shikamoo, baba. Jamani, samahani. Tangu nimefungua mlango nimetukanwa tu. Wewe wa kwanza kuniuliza nimeamkaje."

Ndugu zangu, sisemi alihudumiwa vizuri kule. Mtu aliyenunua gari zima ana haki ya kupewa gari zima, na anayekaa mapokezi ana wajibu wa kupokea. Kosa libaki kosa. Lakini angalieni: wale wawili walikuwa wamekutana mara mbili juu ya meza ileile, na kila mmoja akarudi kwake akisema hakuna aliyenisalimu.

Binti alimwita fundi mwenyewe, akamfuata hadi uani. "Kulia, kaka. Acha mishale. Kata kulia." Piiii! Uwanja mzima ukacheka, fundi akacheka zaidi ya wote. Wakaufungua usukani, wakaukuta waya uliobanwa tangu kiwandani. Bwana hakumaliza hata chai waliyomletea. Wakamwomba radhi, wakamrudishia gari.

Akatoka getini, akakata kulia. Kimya. Mlinzi, ambaye mkono wake ulikuwa tayari uko kwenye kofia, aliushusha taratibu. Sokoni, kimya, muuza nyanya hakugeuka. Bwana alijisikia mwepesi. Hatimaye nina gari kama la watu!

Akafika kwenye kona.

Kaka yake alikuwa amesimama. Ameshanawa mikono. Mkono ulikuwa umeshaanza kupanda, kwa mazoea tu, kama tunavyoanza kuitikia kabla padri hajamaliza. Gari likakata kulia. Kimya. Likapita, na mkono wa bwana, uliozoea kuitwa na honi, ukabaki kwenye usukani.

Kwenye kioo cha nyuma bwana aliuona ule mkono wa kaka yake. Ulibaki juu muda, hauna pa kwenda. Kisha ukashuka. Na yule mzee akageuka akaingia ndani.

Hebu niwaulize. Gari lilipokuwa bovu, lilisalimu. Lilipopona, likanyamaza. Lipi lilikuwa zima?

Bwana alisimama mbele ya geti lake. Injini inanguruma, mkewe anafungua geti, yeye haingii. Akaweka rivasi. Akarudi kinyumenyume mtaa mzima, kuku wanakimbia, hadi kwenye kona. Akaweka kiganja katikati ya usukani, akabonyeza. Akabonyeza kwa nguvu zake zote, mpaka majirani wakatoka.

Kaka yake akatokea mlangoni. "Leo imechelewa," akasema.

Bwana akashuka. "Kaka, siku zote zile lilikuwa ni gari. Lilikuwa bovu. Wamelitengeneza. Hii ya leo ndiyo yangu." Akafunga mlango wa gari nyuma yake. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu." Mzee akatabasamu. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni gari. Mtu gani anamwamkia kaka yake huku amekodoa macho mbele kama sanamu, kama ulivyokuwa siku za mwanzo? Mtaa mzima unajua. Hata kule sokoni wanajua."

"Sasa ulikuwa unapunga mkono kwa ajili ya nini?"

Shemeji akadakia kutoka kwenye karai. "Mkono tu? Kila honi ikilia huyu anaitika 'marahaba'! Anaitika gari! Nikasema mume wangu kapata wazimu."

"Salamu huitikiwa," mzee akasema. "Mdogo wangu aliponyamaza, gari lake likasema. Ningelinyima marahaba?" Akasogea karibu na gari. "Na siku ile ya harusi, MC alisahau. Lakini mimi sikuwa MC. Mimi nilikuona umekaa. Ningeweza kusimama nikakutaja mwenyewe. Nilimwachia mtu wa kipaza sauti kazi ya kaka."

Shemeji akaiopoa mihogo karaini, akaijaza kwenye bakuli.

Kisha mzee akaenda akafungua mlango wa gari, akakaa kiti cha mbele. Nailoni ikalia chini yake. Akaitazama, akamtazama mdogo wake.

"Viti hivi unamtunzia mgeni gani?"

Bwana akainama, akaishika ile nailoni, akairarua kutoka juu mpaka chini. Wakaondoka. Wakazunguka mtaa, na kila kona walikata kulia, na kila walipokata kulia mzee mwenyewe alinyoosha mkono kwenye usukani wa mdogo wake akapiga honi. Shemeji alikuwa kiti cha nyuma na bakuli la mihogo ya moto, anawagawia watu dirishani. Watoto walikimbia nyuma wakidhani ni harusi. Nani angewaambia si harusi?

Sasa tuje kwetu sisi.

Muda si mrefu, hapa hapa, nitawaalika mtakiane amani. Ninawajua. Mtageuka kulia, mtageuka kushoto, mtashika mkono wa aliye karibu, mtatabasamu. Ni jambo zuri, nalipenda, na msiache kulifanya. Lakini tuseme kweli: ile ni honi inayolia yenyewe. Tunakata kona ya misa, inalia. Na Mungu wetu, kwa huruma yake, anaitumia hata hiyo. Humu wapo watu ambao mkono wanaopewa hapa ndio mkono pekee wanaopewa wiki nzima, nao wanaitika kwa moyo wote, ingawa wanajua ni utaratibu tu. Wao ndio yule mzee barazani. Wanaliitika gari huku wakimngoja dereva.

Sisi huwa tunasema: Mungu akinigusa moyo, nitakwenda. Nikipata wasaa. Yeye akianza. Tunangoja waya ujibane wenyewe, honi ilie, halafu tusingizie gari. Ndugu zangu, ninawaletea habari njema inayoudhi kidogo: hamna hitilafu yoyote. Midomo yenu mizima. Mikono yenu mizima. Simu zenu zina chaji.

Baada ya misa mtarudi nyumbani, na njiani kuna kona. Sitawatajia ni ipi. Kila mmoja wetu anaijua yake. Pale kuna mtu amekwisha kunawa mikono, amesimama.

Bonyeza.