Picha za Kuokolewa

Wahenga hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Waliposema kwamba mzaha mzaha hutunga usaha, hawakuwa wakiwakataza watu kucheka. Walikuwa wameona kidonda. Kidonda huanza kama mkwaruzo tu. Mwenye mguu akaupangusa kwa kiganja, akatania na wenzake, akaenda zake. Siku anaposhindwa kuvaa kiatu ndipo anapotambua kwamba ndani kumeoza. Kisa hiki ni cha namna hiyo, nacho hakichekeshi hata kidogo, ingawa watu wengi walicheka kilipokuwa kikitokea mbele ya macho yao.

Palikuwa na mji wa pwani uliokuwa ukiishi kwa wageni. Likizo ilipofika, ulifurika kama sufuria ya maziwa iliyosahauliwa motoni. Likizo ilipokwisha, hata paka walikonda. Penye kituo cha mabasi palisimama bango kubwa la kumweleza mgeni mambo ya kuona na kufanya: apande ngazi za mnara wa taa, atazame samaki katika nyumba ya vioo, avutwe angani kwa puto lililofungwa nyuma ya boti, ale aiskrimu kwenye gati, kisha apigwe picha ya ukumbusho.

Hilo la mwisho ndilo lililomlisha mwanamume mmoja aliyejulikana na kila mtu ufukweni kwa jina la Tabasamu, kwa kuwa hakupata kumpiga mtu picha bila kumwamrisha atabasamu. Alikuwa na maneno matamu na miguu isiyotulia. Kwa miaka kadhaa kazi ilimnyookea. Kisha simu zikaota macho, na mambo yakamwendea mrama. Aliweza kuzunguka mchangani kutwa nzima, kamera shingoni, asipate mteja hata mmoja. Wageni walimnyooshea simu zao wenyewe wakimwambia, "Kaka, hebu tupige." Akawapiga, wakasema asante, na asante hailiwi.

Aliishi na dada yake mkubwa katika vyumba viwili nyuma ya chumba cha dobi wa hoteli, mahali ambapo ukuta ulikuwa na joto la pasi mchana kutwa. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, akamsomesha, na hata kamera yenyewe ni yeye aliyemnunulia. Alikuwa na binti mmoja, msichana wa darasa la saba mwenye maswali mengi kuliko hakimu. Kazi ya dada ilikuwa uokoaji. Aliketi juu ya kiti kirefu cha mbao, boya refu jekundu miguuni, filimbi kifuani, akiyatazama maji. Filimbi ile ilipolia, waogaji wote walitoka majini, na nahodha wa boti ya puto aliacha alichokuwa akifanya akaja mbio. Hiyo ilikuwa sheria ya ufuko, na kila aliyefanya kazi pale aliijua.

Mzaha wenyewe ulianza bila kupangwa. Asubuhi moja bibi mmoja mgeni, mnene na mcheshi, aliteleza kwenye maji ya magotini, akaanguka kifudifudi na kupiga mayowe utadhani amekanyaga nyoka. Mwokoaji akashuka, akamkokota hadi mchangani. Tabasamu, kwa mazoea tu, akabonyeza kamera. Bibi alipoiona picha alicheka hadi machozi yakamtoka, akainunua iliyo kubwa kuliko zote. Kesho yake akarudi na kundi zima la wenzake.

"Kanisani niliokoka zamani," alimwambia Tabasamu, "lakini baharini ndiyo kwanza jana. Na hawa nao wanataka kuokolewa."

Tabasamu akamkimbilia dada yake pale kitini.

"Dada, ni picha tu. Dakika mbili."

"Mdogo wangu, mimi niko kazini. Hapa si jukwaani."

"Maji ya magotini, dada! Nani atakufa magotini? Mwezi mzima huu nakula kwa mkono wako kama mtoto mchanga. Naona haya hata kuomba chumvi."

Huruma ndiyo iliyomponza dada. "Haya. Lakini kwa masharti. Maji yasipite kiuno. Mtu asivuke nguzo zile mbili za rangi. Na hii," akaishika filimbi, "hii haiguswi. Hii ni ya kweli."

Basi biashara ikachipuka. Wageni walijipanga kuzama. Wengine walikuja na nguo zilizochanika makusudi, wengine walitaka kubebwa begani, na wengine walipiga kelele hadi koo zikakauka. Mwokoaji aliwahi kumwambia ndugu yake, "Watu wako wanakosea. Mtu anayezama kweli hapigi kelele. Huna muda wa kupiga kelele, unatafuta pumzi." Tabasamu akajibu kwamba kimya hakionekani kwenye picha. Wakacheka wote wawili.

Tena tusidanganyane, mwanamke yule naye alianza kuupenda mchezo. Miaka yote aliyokaa juu ya kile kiti hakuna aliyemwambia asante, kwa sababu watu hawamshukuru mtu kwa ajali isiyotokea. Sasa watoto walimpungia mkono barabarani, na wageni waliomba wapigwe picha naye. Ofisi ya utalii, ambayo haikosi kunusa penye harufu ya fedha, ikaongeza mstari kwenye bango la kituoni: "Njoo uokolewe!" Hakuna mkubwa yeyote aliyeuliza kama jambo lile lilikuwa na akili.

Ndipo akaja bwana harusi mmoja aliyetaka picha za video, na katika video alitaka filimbi. Tabasamu alibembeleza. Dada akakataa. Tabasamu akabembeleza tena, akamkumbusha ada ya shule ya binti, akaapa kwamba ni mara hiyo tu. Filimbi ikalia. Nahodha wa boti ya puto akaacha wateja wake gatini, akaja akiunguruma, macho yamemtoka pima.

"Nani? Yuko wapi?"

Ufuko mzima ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, maana alikuwa mtu wa watu. Lakini "mara hiyo tu" ni mama wa mara nyingi. Kila aliyeiona video ile alitaka filimbi yake. Nahodha akaitika tena, akaja tena bure, na kicheko chake kikapungua. Mwishowe alipanda hadi kwenye kile kiti, jasho likimtiririka.

"Dada, mimi na wewe tumetoka mbali," alisema. "Ila mafuta ya boti hayachotwi baharini. Siku nyingine nikisikia hiyo filimbi yenu, nitaendelea na chakula changu."

"Usiseme hivyo, nahodha."

"Nimeshasema."

Jioni hiyo mwokoaji alikaa kitandani akisugua mabega yake kwa mafuta ya kuchua. Maneno ya nahodha yalikuwa yamemwingia. Akamwambia ndugu yake kwamba mchezo wa filimbi umekwisha. Tabasamu akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: umekwisha, dada, bila shaka, likizo hii tu imalizike, wageni wameshalipia. Binti aliyekuwa akifanya hesabu mezani aliinua kichwa.

"Mama, sasa ukitaka kuita msaada wa kweli, utapuliza nini?"

"Fanya hesabu zako," mama yake alimjibu. Swali lile lilimkera kwa sababu lilikuwa swali zuri.

Siku ya siku ilikuwa ya mwisho wa likizo, na ufuko ulijaa watu hadi mchanga haukuonekana. Tangu asubuhi yule dada alikuwa ameokoa watu wazima mmoja baada ya mwingine, watu ambao hawakuwa wakizama, na mikono ilikuwa imelegea kama kamba iliyolowa. Alasiri walikuja wafanyakazi wa ofisi moja, wamevaa fulana za njano zinazofanana. Wakamsukuma mbele mhasibu wao, pande la mtu lenye tumbo na sauti nzito, ndiye azame kwa niaba ya wote.

Tabasamu alimpeleka majini mwenyewe. Mhasibu alipofika mapajani alisimama, lakini mpiga picha akaona kwamba nyuma yake walikuwa wamejaa waogaji na watoto wenye ndoo. Picha ingekuwa sokoni, si baharini.

"Sogea mbele, mkubwa! Ukizama karibu, picha haina uhai!"

Mhasibu akasogea. "Hapa?"

"Mbele tena kidogo! Pita hizo nguzo, huko kweupe!"

Nguzo zile hazikuwekwa kwa urembo. Upande wa pili mchanga ulikatika ghafla, na maji yaliyokuwa yakirudi kutoka ufukweni yalipita hapo kwa nguvu kuelekea nje. Mhasibu alipiga kelele kama alivyoagizwa, "Nakufa jamani! Nakufa!" Wenzake wakapiga vigelegele. Kisha hatua yake ikakosa chini. Akanyamaza. Kichwa kikalala nyuma, mdomo ukawa sambamba na maji, mikono ikawa inayakandamiza maji kama anayejaribu kupanda ngazi.

"Amechoka kuigiza," mmoja wa fulana za njano alisema.

Mwokoaji alikiona kile kimya na hakuhitaji kuelezwa. Aliruka kutoka kitini na boya lake, filimbi mdomoni, akaipuliza kwa pumzi yake yote huku akikimbia. Ufuko ukamshangilia. Waogaji hawakutoka majini. Walimpisha njia wakaelekeza simu zao. Kule gatini nahodha aliisikia filimbi. Alitazama upande ule, akaona fulana ya njano, akaona kamera ya Tabasamu imeshainuliwa, akarudi kwenye sahani yake.

Mwokoaji alimfikia mhasibu mbali nje ya nguzo. Mtu anayezama hamjui mwokozi wake. Yule bwana alimkumbatia shingoni kwa uzito wake wote, wakazama pamoja, wakaibuka, wakazama tena. Mwanamke aliponyoka, akaufungua mkanda wa boya kiunoni mwake, akalisukumiza kifuani pa yule bwana. Yeye akabaki na mikono yake, na mikono hiyo ilikuwa imekwisha. Akapuliza filimbi, lakini ilikuwa imeingia maji, ikatoa sauti kama kikohozi. Akageukia nchi kavu, akamtafuta ndugu yake kwa macho, akampata. Akainua mkono.

"Safi kabisa, dada!" Tabasamu alipaza sauti, jicho kwenye kamera. "Juu zaidi! Inua mkono juu zaidi!"

Mkono ukainuka juu zaidi. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Tangu aanze kazi hakuwa amepata kuona picha kama zile: jua lilikuwa upande mzuri, na uso wa dada yake ulikuwa na hofu ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiweza. Akainamisha kichwa kwenye kioo cha kamera azitazame, akatabasamu peke yake. Alipoinua kichwa, bahari ilikuwa na mtu mmoja tu, mhasibu, amekumbatia boya.

Alingoja dada aibuke. Watu nao walingoja, simu mikononi, maana walidhani huo ndio utamu wenyewe. Kisha kamera ikaanguka mchangani, na Tabasamu akaanza kupiga kelele, "Ni kweli! Jamani, ni kweli!" Fulana za njano zikacheka, zikamsifu kwamba naye anajua kuigiza. Ilibidi aukimbie urefu wote wa ufuko hadi gatini, amshike nahodha kola, ndipo boti iwashwe. Walimpata mhasibu, hai, akilia kama mtoto. Alipopandishwa nchi kavu amefunikwa taulo, kuna waliompigia makofi. Mwokoaji walimpata kesho yake asubuhi, kwenye miamba iliyo chini ya mnara wa taa.

Ofisi ya utalii ilituma mtu akaufute ule mstari wa bangoni. Rangi aliyoitumia haikufanana na ya zamani. Nahodha alikuja nyumbani kutoa pole, akashindwa kuvuka kizingiti, akasimama nje, kofia mkononi, akirudia, "Niliisikia. Wallahi niliisikia."

Walipokwisha kumzika na majirani kutawanyika, Tabasamu alibaki na binti wa dada yake katika vile vyumba viwili. Msichana aliiendea kamera iliyowekwa mezani na mtu mwema aliyeiokota, akaifuta mchanga kwa pindo la gauni, akaiwasha. Alitazama picha moja baada ya nyingine, bila kulia.

"Mjomba, hapa mama alikuwa anamwita nani?"

"Mwanangu, mimi nilidhani..."

"Alikuwa anamwita nani?"

"Mimi."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukamwambia nini?"

Msichana alingoja jibu, jinsi alivyozoea kungojea majibu ya maswali yake, hadi alipopewa.

"Nilimwambia ainue mkono juu zaidi."

Msichana aliizima kamera, akaiweka mezani taratibu, akaingia chumbani kwa mama yake na kufunga mlango. Tabasamu alisimama mbele ya mlango ule hadi miguu ikamfa ganzi. Alitaka kuomba radhi, lakini radhi huombwa kwa aliyekosewa, na aliyekosewa hakuwamo tena duniani; na yule aliyekuwamo hakutaka kumsikia, wala hapana wa kumlaumu. Hakuna aliyekusudia ubaya katika mambo haya yote, si yeye, si nahodha, si wageni. Walikuwa wakicheza tu. Kweli, mzaha mzaha, hutunga usaha.