Fundi Aliyevuta Kamba

Ndugu zangu, leo sina maneno matamu. Fikirini fundi mmoja wa bunduki huko Ujerumani, mwaka wa mwisho wa vita kuu ya pili. Chuma kizuri kimekwisha, vijana wamekwisha, na wakubwa wanataka bunduki mpya ya haraka haraka ya kuwapa wazee. Fundi akaunda moja kwa bati na mbao mbichi. Sheria ilimtaka aijaribu begani mwake, risasi mia. Mnadhani aliiweka begani? Thubutu. Aliibana mezani, akafunga kamba kwenye kifyatuo, akajificha nyuma ya ukuta wa matofali, akavuta. Risasi ya arobaini, bunduki ikapasuka. Akaunda nyingine nyingi vilevile, na fomu ilipouliza kama imejaribiwa begani, akaandika ndiyo, akagonga mhuri. Aliogopa wakubwa. Nani hapa haogopi wakubwa?

Siku wazee walipofundishwa shabaha, fundi aliitwa uwanjani, palepale alipovutia ile kamba. Wa kwanza mstarini alikuwa kaka yake mkubwa, mwoka mikate wa miaka sitini na miwili.

"Nimeona mhuri wako hapa," kaka akasema. "Wenzangu walikuwa na hofu, nikawaambia hii ameipiga mdogo wangu kwa bega lake mwenyewe. Inasukuma sana?"

"Kidogo tu, kaka."

Alijibu hivyo, ndugu zangu, macho yakiwa chini.

Kaka akaiweka bunduki begani, shavu juu ya mbao, akafumba jicho moja. Kisha akageuka amuulize jambo. Mdogo wake hayupo. Miguu ilikwishampeleka nyuma ya ule ukuta wa matofali, yeye mwenyewe hana habari.

Kaka akautazama ule ukuta. Akaiweka bunduki chini taratibu, na wazee wote wakaweka zao.

"Kumbe ulisimama hapo," akasema.

Hakumtukana. Fundi alitamani atukanwe, maana aibu ilimshika hata uso hakuweza kuuinua.

Na sisi tunasimama wapi? Mimi mhubiri wenu, alikuja kwangu dada mmoja analia, mumewe anampiga. Nikamwambia rudi, vumilia. Kisha nikafunga mlango wangu, nikanywa chai. Huo ndio ukuta wangu, na naona haya kuusema mbele yenu. Nikitoka hapa nakwenda kwake kumwomba radhi, kwa kuwa nilimtwika nisichowahi kukibeba. Wewe umemtwika nani?

Tuombe. Nyinyi mlioegemea ukuta huko nyuma, sogeeni mbele.