Treni Moja, Madereva Elfu Kumi na Moja

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yenyewe si ya majini wala ya wafalme, ni ya juzijuzi tu watu wakiwa na simu mkononi kama nyinyi hapo, palikuwa na mwanamke mjini Tabora aitwaye Nyamizi Kashindye. Kazi yake ilikuwa kutunga gemu za simu. Alishinda ndani na kompyuta yake na birika la chai, na nje barazani alikaa baba yake.

Mzee Kashindye alikuwa stesheni masta mpaka alipostaafu. Siku aliyostaafu alirudi nyumbani, akakaa barazani, akanuna mwezi mzima. Nyamizi akamhurumia. Akamtungia gemu, akaiita Garimoshi la Baba.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Unapewa treni moja na reli moja. Unaanzia stesheni ya Mkoleni, unavuka daraja, unapanda Kilima cha Kipara ambacho kimewatoa watu jasho, kisha unateremka mpaka Ziwani. Abiria ni watu wa kuchora tu, wanapanda, wanasinzia, wanashuka. Ukifika Ziwani salama, anatokea stesheni masta mwenye kitambi, sauti ni ya Mzee Kashindye mwenyewe, anakuvika kofia nyekundu na kukwambia: "Wewe ndiye dereva wa reli hii. Hakuna mwingine kama wewe."

Watu waliipenda, jamani! Ikatoka ya pili, yenye mvua na matope. Ikatoka ya tatu, yenye mabehewa ya mizigo. Miaka tisa watu wanaendesha. Kila mmoja kwake, kila mmoja na treni yake, kila mmoja anaambiwa hakuna mwingine kama yeye. Na kila mmoja aliamini. Wewe usingeamini?

Halafu wakaanza kumwandikia. "Dada Nyamizi, tuunganishe, tuwe kwenye reli moja." "Dada Nyamizi, nimechoka kuendesha peke yangu." "Dada Nyamizi, hao abiria wa kuchora hata salamu hawaitikii." Mwaka mzima maneno yaleyale. Nyamizi alisita. Akatoka nje barazani akamuuliza baba yake.

"Mimi ninachokikosa si treni, mwanangu," mzee akasema. "Nakosa kelele. Huyu anagombania dirisha, yule kuku wake katoroka, yule anamtafuta mumewe. Hao watu wako wa kuchora hawagombani. Wafungulie."

Basi Nyamizi akaingia kazini miezi minane, akatengeneza reli moja ya watu wote. Lakini alifanya mambo mawili, yashikeni. La kwanza, aliwaondoa abiria wa kuchora. Alisema, nani atawataka hao wakati wapo watu wa kweli? La pili, ile mpya aliijenga kwa matofali ya ile ya zamani, hivi kwamba aliyekubali mpya, ya zamani ilifutika kwenye simu yake. Alisema, nani ataitaka ya zamani?

Jumatatu asubuhi akafungua. Wakaja watu elfu kumi na moja, wote stesheni ya Mkoleni. Wote wamevaa kofia nyekundu. Wote wanakwenda kwenye kichwa cha treni, na kiti cha dereva ni kimoja.

"Nipisheni, dereva nimefika."

"Dereva yupi? Dereva ni mimi."

"Mimi niliambiwa hakuna mwingine kama mimi."

"Hata mimi. Wewe nani alikwambia?"

"Stesheni masta."

"Yule mwenye kitambi?"

"Huyohuyo."

Mzee Kashindye alikuwa anawasikiliza kupitia simu ya binti yake. Alicheka mpaka akapaliwa. "Kumbe nimewadanganya watu elfu kumi na moja kwa maneno yaleyale!"

Nyamizi hakucheka. Ndani ya gemu mlikuwa na sheria ya baba yake tangu siku ya kwanza: treni haiondoki bila abiria. Akauliza, nani atakuwa abiria? Kila mtu akamnyooshea kidole jirani yake. Jumanne akauliza tena, nani atakuwa abiria? Wakanyoosheana vidole tena. Jumatano ikawa vilevile, na sasa watu walianza kuondoka, mia kwa mia, wamenuna. Kufika Alhamisi walibaki elfu nne. Na hao walioondoka walipotaka kurudi kwenye treni zao za zamani, hawakuzikuta. Hapo ndipo Nyamizi alipoelewa kwamba miaka yake tisa inaweza kuisha wiki hiyohiyo. Akashindwa kula. Aliogopa kweli.

Mzee akamwona. Akaingia ndani, akatoka na bendera yake ya kijani, ile ya kazini, ambayo treni nzima ilisimama ikimngoja aipeperushe.

"Watangazie," akasema. "Atakayeifikisha treni Ziwani nitampa hii. Si ya kuchora, hii hapa. Na atakayeishika ndiye atakayeamua reli hii iwe ya nani. Mimi nimestaafu, na wewe umechoka."

Nyamizi akatangaza. Makelele yakazidi, maana sasa waligombania kiti na bendera pia.

Katika kundi lile alikuwemo mama mmoja wa Same, muuza tangawizi, anaitwa Mkunde Mmbaga. Siku nne alikuwa amesukumwasukumwa. Siku ya nne akavua kofia yake nyekundu, akaitia mfukoni, akapanda behewa la daraja la tatu, akakaa dirishani.

"Mama, unafanya nini huko?"

"Nimekaa."

"Kwani wewe si dereva?"

"Nimeendesha miaka sita, baba. Huko njiani kuna mibuyu, kuna mashamba ya alizeti, kuna wanawake wanafua mtoni. Sijawahi kuvitazama hata siku moja, macho yote kwenye reli. Leo nyinyi endesheni, mie natazama."

Kisha mmoja akavua kofia, akaenda kukaa karibu naye. Kisha wa pili. Kisha kumi. Kisha ukasikika ugomvi mwingine kabisa: "Hilo dirisha nimeliwahi mimi!" Mzee Kashindye aliposikia hivyo alinyanyuka kitini kama kijana. Aliyekuwa karibu na kiti cha dereva akakikalia, na treni, kwa kuwa imepata abiria, ikapiga honi ikaondoka.

Ikaondoka vizuri. Ikafika darajani. Ikasimama.

Mbele ya daraja hapakuwa na reli. Kipande chote cha Kilima cha Kipara kilipotea wakati wa kuhamisha kutoka gemu ya zamani kwenda mpya, na kompyuta aliyoitumia kukichora kilima hicho ilikufa zamani. Nyamizi akatafuta. Akapekua kila mahali mpaka Ijumaa asubuhi. Hakipo. Akaweka kichwa mezani akalia, na abiria elfu nne wamekaa darajani wanaulizana kuna nini.

"Hodi hapa!"

Alikuwa mama wa makamo, sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa gauni, na mkononi ameshika simu ya zamani iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Jina lake Bi Kalunde, fundi cherehani wa Nzega.

"Shikamoo mama," Nyamizi akasema, anafuta machozi.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyewaharibia watu treni?"

"Ndiye mimi."

"Basi nisikilize. Mimi kutwa nina wateja. Huyu suruali inambana, yule harusi yake kesho, yule hataki rangi aliyoichagua mwenyewe. Saa saba nafunga mlango, nakula, naendesha treni yangu dakika ishirini. Hakuna anayeniita, hakuna anayenisogeza. Simu ikaniuliza, unataka mpya? Nikasema sitaki. Ikauliza tena, nikasema sitaki. Sasa nimesikia walioitaka wamepoteza zao. Nimekuja kukwambia uso kwa uso: hii yangu usiiguse."

Nyamizi akaitazama ile simu. Gemu ya zamani nzima ilikuwamo, pengine ya mwisho iliyobaki. Mkoleni, daraja, na Kilima cha Kipara kimesimama pale pale, na reli yake imekizunguka.

"Mama," akasema, "ningekuomba hiyo simu kidogo."

Bi Kalunde akamtazama. Akamtazama na mzee pale mlangoni. "Nakuazima," akasema. "Sikupi. Nami sitoki hapa." Akavuta kiti, akakaa karibu kabisa. Na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure, akamwambia mzee avue shati, vifungo viwili vimelegea, akavishona huku anailinda simu yake kwa jicho moja.

Saa tisa mchana reli ikaunganishwa. Abiria wakapiga vigelegele. Treni ikavuka daraja, ikaanza kupanda Kipara.

Sasa kumbukeni, abiria wa kuchora hawakuwa na uzito. Hawa walikuwa watu elfu nne, na Nyamizi alimpa kila mtu uzito wake na mzigo wake. Dereva wa kwanza akafika nusu ya kilima, treni ikarudi nyuma. Wa pili akafika nusu, ikarudi nyuma. Wa tatu hata nusu hakufika.

Akainuka Ngassa Lubango, karani wa mahakama kule Kahama, mtu wa kwanza kabisa kuvikwa kofia nyekundu, miaka tisa iliyopita. Kipara alikijua kama njia ya kwenda chooni kwake. Akairudisha treni mpaka darajani. Akamwaga mchanga juu ya reli, magurudumu yasiteleze. Akaondoka kwa kasi yote kabla ya kona, penye kona akapunguza kidogo tu, watu wakapiga mayowe, kisha akakaza tena. Treni ikapanda inakohoa. Ikapanda. Ikafika juu. Upande wa pili ziwa lote lilikuwa linang'aa, na mabehewa yote yakaimba mpaka Ziwani.

Mzee Kashindye alisikiliza wanavyoshuka, wanavyoitana, wanavyotafutana, wanavyodai mizigo. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu astaafu, na hakuificha. "Hiyo ndiyo stesheni," akasema.

Jumapili ya wiki iliyofuata wote watatu, Ngassa, Mkunde na Bi Kalunde, walialikwa Tabora. Wakala wali na kuku wa kienyeji, wakataniana, Mkunde akamletea kila mtu tangawizi. Walipendana, na hilo ndilo lililofanya jambo kuwa gumu. Mzee akaiweka bendera mezani.

Ngassa akaanza. "Mzee wangu, ulisema atakayeifikisha. Mkono uliokuwa kwenye mtambo ni huu. Watatu walijaribu, ikarudi nyuma. Ukinipa bendera, reli itabaki ya wote, ila kiti cha dereva akikalie aliyewahi kupanda Kipara mwenyewe. Watu wamehangaikia zile kofia miaka. Zisigeuke kofia za sherehe."

Mkunde akacheka. "Kaka Ngassa, nakuheshimu. Lakini siku nne treni ilisimama Mkoleni, nawe ulikuwemo kwenye lile kundi unasukuma watu. Kilima ungekifikiaje? Nilipovua kofia ndipo gurudumu lilipozunguka. Mkinipa mimi, lango liko wazi. Aje anayejua na asiyejua, na anayetaka kula karanga dirishani tu naye aje."

Bi Kalunde akajifuta mikono polepole. "Mimi sitasema uongo. Sikutaka kuifikisha popote, nilitaka yangu. Lakini kama nami ningesema ndiyo siku ileile mliyosema nyinyi, kilima kingetoka wapi? Ngassa alipanda juu ya dakika zangu ishirini. Mkunde alikuwa kakaa darajani. Mkinipa mimi, nitafunga lango, na kila mtu arudishiwe treni yake na abiria wake wanaosinzia. Na wale elfu saba waliokwenda wamenuna, labda watarudi."

Mzee akakuna kidevu. "Mimi msiniulize. Masikio yangu yana upande, napenda kelele." Akaisukuma bendera kwa binti yake. "Gemu ni yako, mwanangu. Wape."

Nyamizi akaishika. Akamtazama Ngassa, akaona kweli. Akamtazama Mkunde, akaona kweli. Akamtazama Bi Kalunde, akaona kweli, tena akakitupia jicho kimkasi kilichokuwa kwenye mkoba wake.

"Usinitazame hivyo," Bi Kalunde akasema. "Bendera ya kazi sikati vipande."

Wakacheka wote wanne na mzee wao, kisha kicheko kikaisha, na Nyamizi bado amesimama.

Mimi niliposimuliwa kisa hiki nilimpa Mkunde bila kufikiri. Mke wangu akaniambia, ndiyo maana nyumba hii haina pa kukaa kimya, akampa Bi Kalunde. Mkwe wetu akampa Ngassa, na siku hiyo chai ilipoa tunabishana. Basi leo nawaachia nyinyi. Ila wewe unayenyoosha kidole haraka hivyo, jua kwamba humpi mtu bendera tu, unatuamulia sote na namna ya kucheza. Huko kwenye gemu treni ya saa kumi imejaa, inapiga honi, elfu nne wanamngoja Nyamizi anyooshe mkono. Je, anyooshe kwa nani? Nani alistahili?