Mtungi wa Bibi Nyati

Kaeni vizuri, na wewe wa nyuma acha kumsukuma mwenzio. Leo nimechoka, nitasimulia mara moja tu.

Hapo kale, zamani za wanyama kupanga vyumba na kugombania kamba za kuanikia nguo, palikuwa na Digidigi mmoja akiitwa Mama Tunu. Mwili mdogo, miguu kama njiti. Alifiwa na mama yake angali mchanga, akalelewa na Bibi Nyati, na hata alipompata mtoto wake, Tunu, aliendelea kuishi humo humo kwa bibi.

Basi Tunu akashikwa na tumbo la kuharisha. Chururu, chururu, kutwa kucha. Mama Tunu afue hiki, aanike kile, hajakaa vizuri mtoto amechafua tena. Macho yalikuwa yamemwiva kwa kukosa usingizi.

Majirani wakaja kumjulia hali mgonjwa. Bibi Kifaru alileta majani ya mpera, Bibi Kiboko akaleta maganda ya komamanga, na kila mmoja alisema dawa ya mwenzake haifai. Jambo moja tu walikubaliana.

"Asipewe maji," alisema Bibi Kifaru. "Yanaingia juu, yanatokea chini. Mnyimeni, tumbo litakauka."

"Hata tone," akaitikia Bibi Nyati. Akaenda kujibwaga mbele ya mtungi wa maji, bwata, akauziba wote kwa mgongo wake. Alimpenda Tunu mno, ndiyo maana hakubanduka pale.

"Lakini bibi," Mama Tunu alisema, sauti imemkauka, "Nesi Korongo wa kliniki alituambia mtoto anayeharisha anywe, tena anywe sana."

"Nesi Korongo amezaa wangapi?"

Wageni wakacheka. Mama Tunu hakucheka. Tunu alikuwa amelala mapajani mwake, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Alikuwa akilia, ila machozi hayatoki. Mama yake akaona wazi kwamba mtoto anamponyoka, na yeye nguvu za kumsukuma Nyati hana, wala za kubishana hana.

Hawa wazee, akawaza, kitu rahisi hawakiamini. Wanataka dawa yenye masharti.

"Bibi, naomba ruhusa," alisema. "Nimesikia kuna mganga mkubwa ng'ambo ya mto."

"Hapo sasa umesema. Nenda, mwanangu. Huyu niachie mimi."

Mama Tunu alipita jikoni, akapima kama alivyoelekezwa kliniki: sukari vijiko sita vya chai visivyojaa mlima, chumvi nusu kijiko. Akavifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akazunguka nyuma ya jiko, akaegemea ukuta, na usingizi ukamwiba. Aliamka ameshtuka, akajipaka tope miguuni, akarudi anahema kama aliyevuka mto kweli.

"Nimeipata, ila masharti yake magumu."

Wazee wakasogea karibu.

"Dawa hii inachukia uchafu. Anayeigusa anawe kwato kwa sabuni, na anayemsafisha mgonjwa vile vile. Maji lita moja yachemke sana, yapoe, ndipo dawa iingie. Mgonjwa anywe kidogo kidogo kwa kijiko, kila akiharisha aongezewe. Akitapika, mnangoja kidogo, mnaendelea. Na mtu mzima asiionje, itaishiwa nguvu."

"Mbona hayo ni maji?" aliuliza Bibi Kiboko.

"Yalikuwa maji," alisema Mama Tunu. "Mganga amekataza kuyaita hivyo."

"Wewe Kiboko, usituharibie dawa," alifoka Bibi Nyati, naye alikuwa ameshainuka, anachota mtungini.

Maji yakachemka, togotogo. Yakapoa. Bibi Nyati akanawa kwato mpaka zikang'aa, akaketi na kile kijiko kidogo, akimnywesha Tunu taratibu bila kumwaga. Mama Tunu alisema atafumba macho kidogo tu, akalala ameketi.

Kilichomwamsha ni kilio. Tunu alikuwa analilia uji, machozi yanamtiririka, na mkeka umeloa mkojo. Kuharisha kulikuwa hakujaisha, lakini macho yalikuwa yamerudi kuwa macho. Mama Tunu akamkumbatia, naye akalia kwa furaha na uchovu pamoja.

Wageni walikuwa wameondoka. Bibi Nyati alikuwa bado na kikombe mkononi.

"Nimeionja," alisema.

Mama Tunu akamvuta Tunu kifuani.

"Ni maji, mwanangu. Yana chumvi na sukari."

"Ndiyo, bibi."

Bibi Nyati alikitazama kikombe kwa muda. "Ndama wangu wa kwanza aliugua hivi hivi. Nilimnyima mimi mwenyewe. Alikuwa akiulamba mtungi kwa nje." "Huyo mganga wako, wakati ule alikuwepo?"

Mama Tunu alikuwa amechoka hata kusema uongo, lakini akajikaza, akausema wa mwisho.

"Hakuwepo, bibi. Amehamia juzi juzi tu."

Bibi Nyati akaitikia kwa kichwa. Kisha akauinua ule mtungi, akauweka karibu na mkeka wa mtoto, kifuniko wazi.

Basi wanangu, anayeharisha hapewi njaa wala kiu, anapewa cha kunywa. Imekwisha hiyo, nendeni mkanawe mikono mlale.